Kompyuta Iliyopangwa kwa Saa za Kwetu

Katika duka la kompyuta pale Ukunda, dada mmoja alikuwa akisubiri mahojiano ya video. Aliomba kazi ya mapokezi hotelini Diani. Mahojiano yalikuwa saa nne asubuhi, na zilikuwa zimebaki dakika tano, lakini ukurasa ulimwambia asubiri saa sita zaidi.

"Shikamoo mama. Mashine hii yanifukuza."

"Marahaba." Mwenye duka alivaa miwani, akasoma 3:55 pembeni mwa kioo. "Saa iko sawa. Niliipanga mwenyewe, wateja waisome kama tunavyoisema."

"Lakini yenyewe yadhani bado ni usiku, mama."

"Haya, tuiamshe."

Alifungua mipangilio, akagusa tarehe na saa, akaiacha ijirekebishe kwa mtandao. 3:55 ikawa 9:56. Ukurasa ukafunguka.

Swali moja tulilisikia sote tuliokuwa dukani: wageni wakiuliza chakula cha mchana ni saa ngapi, atawajibuje?

"Mwenyeji nitamwambia saa saba," alijibu dada. "Mzungu nitamwandikia 1:00."

Aliyeuliza akacheka, akaandika kitu.

Kompyuta iliweza hesabu moja tu ya saa. Dada huyu anazo mbili tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumpa cheti.