Nyota za Jirani

"Dada, hivi wewe unaandika lini?" nilimuuliza jirani yetu wa Kilakala nikiwa darasa la nne, maana kila nikienda barazani kwake namkuta anaongeza alama moja, anafuta nyingine. Alicheka tu. Kazi yake ni kurekebisha alama kwenye miongozo ya programu za kompyuta. Husoma kwa kunong'ona, "nyota, mkwaju, nyota," mkwaju ukiwa ule mstari wa mshazari, kidole kikitembea juu ya kioo cha kompyuta, kisha hupangusa kioo hicho kwa pindo la khanga. Juzi, mimi sasa niko kidato cha tatu, nikiwa nimekaa naye barazani, nesi wa zahanati ya huko milimani alimpigia simu: "Dada, nimejaza dozi kama mwongozo wenu unavyoonyesha, 135. Programu inasema mgonjwa apewe vidonge mia na thelathini na tano!"

"Usimpe!"

"Nimpe vipi? Si atavimaliza Ramadhani ijayo!"

Jirani hakucheka. Mwandishi wa mwongozo alikuwa ameandika 1*3*5, kimoja mara tatu kwa siku tano, lakini kompyuta ilidhani zile nyota ni alama za kuzilaza herufi upande, ikazificha. Akatia mkwaju kabla ya kila nyota, ili kompyuta iiache ilivyo, zikatokea. Halafu akakagua kurasa zote zilizobaki, chai ikipoa. Alipomaliza akanigeukia. "Uliniuliza naandika lini. Siandiki, mdogo wangu. Naizuia kompyuta isile maneno ya watu."