Kiapo cha Uji

Daktari aliuliza swali moja tu. "Nani anamlisha huyu mtoto?"

Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa ameushika mkono wa mtoto kwa vidole viwili, na utepe wa kupimia ulikuwa bado umezungushwa juu ya kiwiko, umesimama kwenye rangi nyekundu. Mtoto alikuwa na miaka miwili kasoro mwezi mmoja. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakutazama kitu. Mama yake alisimama upande wa kichwa. Mimi nilisimama upande wa miguu, nguo zangu zimelowa jasho, kwa sababu ni mimi niliyemleta.

Mama yake akaninyooshea kidole. "Ni dada," akasema. "Mimi nashinda kazini, daktari. Nyumbani chakula kimejaa, njoo uangalie. Dada ndiye anamlisha."

Nesi akatikisa kichwa. Akamwambia mwenzake kwa Kinyarwanda kwamba hawa wafanyakazi wa nyumbani siku hizi wanakula chakula cha watoto. Hakuniambia mimi. Kisha akaandika kwenye faili. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini mtu akiniandika ninajua. Na mimi pale, mtu mzima mwenye mvi, nilinyamaza. Nilikuwa na maneno ya kumaliza ile habari yote, nikayameza. Kwa hiyo wa kwanza ninayemtaja hapa ni mimi mwenyewe. Wengine wanafuata.

Niliingia nyumba ile mtoto akiwa na miezi mitano. Iko Remera, dakika chache kwa miguu kutoka Gisimenti, ina geti jeusi na mlinzi, na bustani ambayo hakuna mtu anayekaa. Mabuja, ndivyo tunavyomwita mwenye nyumba wa kike huku kwetu, alizaliwa na kukulia Tanzania. Alitaka yaya wa kuzungumza na mwanawe Kiswahili, asije akabaki na Kiingereza cha baba yake peke yake. Mimi Kiswahili nilikipata Rwezamenyo, mtaa wa Waswahili. Baada ya mwaka ule wa mauaji ya kimbari sikuwa na mtu aliyebaki, na fundi cherehani mmoja, mama wa Kiislamu, alinikuta nimelala kwenye baraza lake akanichukua. Aliniosha, akanivisha, akanifundisha kupika kwa Kiswahili. Hata sasa nikihesabu vijiko vya unga nahesabu kwa sauti yake.

Mwanzoni nyumba ile ilikuwa nyumba ya kawaida. Mtoto alinyonya, akaanza uji wa mtama na soya na maziwa, akaanza viazi nilivyovipondaponda na maharage yaliyoiva mpaka yakalainika kabisa. Alikuwa mzito. Mlinzi alikuwa akimbeba anasema, "Huyu iko mbunge kabisa, angalia hiyo tumbo." Alipofika mwaka mmoja na kidogo alikuwa na maneno sita. Nayakumbuka yote. Alisema mama, maji, paka, hapana, twende, na neno la kuniita mimi, ambalo halikuwa jina langu wala cheo changu, alilitengeneza mwenyewe.

Kisha mabuja akampata mwalimu.

Sisemi jina lake, lakini nikisema chumba chake wengi watamjua. Kilikuwa ghorofani Gisimenti, juu ya sehemu wanapochoma mbuzi. Jumamosi wazazi wanapanda wanakaa kwenye mikeka, na yeye anawafundisha kwamba moto unaua chakula, na anayekula kilichopikwa anakula maiti. Moshi wa mishikaki ulikuwa unapanda unaingia dirishani muda wote anaposema. Nilikuwepo, nimembeba mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anageuza kichwa kuufuata ule moshi, na wazazi wengine wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema, "Mnaona? Ameshazoeshwa sumu."

Wiki ile mtungi wa gesi ukatolewa jikoni. Jiko la mkaa akapewa jirani. Zikaja mashine mbili za kusaga, yakaja makreti ya maembe na maparachichi kutoka soko la Nyabugogo, tende, korosho, mbegu za maboga, majani nisiyoyajua. Maziwa yakakoma. Mayai yakakoma. Mabuja alinipangia kwenye karatasi yenye picha, maana anajua kusoma kwangu kulivyo: asubuhi juisi ya majani, mchana tunda na mbegu zilizolowekwa, jioni maharage yaliyochipuzwa, mabichi.

Hapo kwenye maharage nilisema. "Mabuja, haya yanachemka toka asubuhi mpaka mchana. Yakiwa mabichi yanaumiza tumbo hata la mtu mzima."

"Dada, hayo ni ya zamani. Yakichipua yanakuwa hai."

"Yakichipua yanapandwa shambani, mabuja."

Alicheka kidogo, akanishika bega. Hakuwa mtu mwovu. Aliamini, na alikuwa anakula hivyo yeye mwenyewe, na amepungua, na marafiki wanamsifu. Mtoto alikula yale maharage akatapika siku nzima. Mabuja akampigia mwalimu, akaweka sauti ya simu juu ili na mimi nisikie. Mwalimu akasema mwili unajisafisha, sumu ya zamani inatoka.

Maharage yaliachwa baada ya mara ya tatu, lakini lile neno la kujisafisha likabaki. Mtoto akiharisha, anajisafisha. Akikonda, ni mafuta mabaya yanayeyuka. Nywele zikawa nyepesi, zikageuka rangi kama vumbi, mwalimu akasema ni damu mpya. Baba mtu alikuwa safarini kwa kazi zake, anamwona mtoto kwenye simu dakika mbili, anasema, "Anakuwa mrefu huyu." Na yeye ninamtaja.

Mimi nilimpikia uji kwa siri. Nilikuwa naukoroga kwa mfanyakazi wa jirani, yule aliyepewa jiko letu, nauleta ndani ya kikombe nilichokifunika na kanga. Mara ya kwanza alikunywa bila kupumua. Alimaliza, akakigeuza kikombe kuangalia chini yake. Nilifanya hivyo siku nane, na katika siku hizo nane alianza tena kumkimbiza paka.

Siku ya tisa mabuja alirudi mapema. Alimbeba, akamnusa mdomo, kama alivyokuwa anafanya kila jioni, na mimi sikujua kwa nini anafanya hivyo mpaka siku ile. Akamweka chini. Akaniambia, "Dada, umempa nini?"

Nikamwambia ukweli. Sikuona haya.

Hakunifukuza. Laiti angenifukuza. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akalia, akasema namwangushia kazi ya miezi yote, mtoto wake yuko katikati ya safari na mimi namrudisha. Kisha akasema, "Niapie. Apa kwa mdogo wako."

Ingawa alikulia Tanzania, alijua vizuri jinsi sisi tunavyoapa. Hapa kwetu mtu anaapa kwa watu wake. Na alijua habari ya mdogo wangu kwa sababu nilimwambia mwenyewe, siku moja ya kumbukumbu ya mauaji tulipokuwa tumekaa wawili tunasikiliza redio. Nilimwambia kwamba nilijificha kwenye shamba la mtama na mdogo wangu mgongoni, wiki nyingi, na tulikula viazi vibichi, ndizi mbichi, na majani ya mihogo. Mimi nilivumilia. Yeye alikuwa na miaka mitatu. Alilia, halafu akaacha kulia, nikafikiri amezoea. Mahali nilipomwacha sijawahi kupaona tena. Wengine walifukua watu wao wakawazika kwa heshima. Mimi sina mfupa hata mmoja, sina kaburi, nina jina lake tu. Na hilo jina mabuja akalichukua akaliweka juu ya kikombe cha uji.

Niliapa. Nilisema, nikimpa mtoto huyu kitu kilichopita kwenye moto, niwe nimemtupa mdogo wangu mara ya pili.

Mtu wa mbali ataniuliza, maneno tu, ungeyavunja. Huyo hana marehemu asiye na kaburi. Nilikihesabu kile kiapo kuwa kitu pekee nilichobaki nacho cha mdogo wangu. Nikakilinda. Nilimlinda mtoto aliyekufa, na huyu aliye hai nikampa juisi ya majani kwa mkono wangu, kijiko kwa kijiko, na nilikuwa naona.

Niliona nini? Kwanza aliacha kumkimbiza paka. Kisha aliacha kusimama bila kushika ukuta. Mikono ikaanza kutetemeka akishika kitu. Maneno yakaanza kuondoka moja moja. Twende liliondoka kwanza, likafuata paka. La kuniita mimi lilikaa muda mrefu, halafu asubuhi moja nilisubiri kulisikia sikulisikia. Na akaacha kulia. Mimi kati ya watu wote wa nyumba ile nilijua maana ya mtoto kuacha kulia.

Kiapo changu kilikuwa cha chakula. Hakikunikataza kuita mtu. Kwa hiyo nilienda kwa mshauri wa afya wa mtaa wetu, mwanamke anayeuza nyanya pale kwenye kona. Kila mwezi anawaita kina mama walete watoto, anawaning'iniza kwenye mzani, anawafunga utepe mkononi. Kijani unakwenda nyumbani, njano unapewa ushauri, nyekundu unapelekwa kituo cha afya. Lakini kila mtu anajua nani anakwenda pale. Nyumba zenye geti haziendi. Hazikatazwi, ila bwaki, yaani unyafuzi, ni ugonjwa wa nyumba za mabati yaliyotoboka, na mwenye gari akimpeleka mwanawe kwenye ule mzani ni kama anaomba chakula.

Nilimwomba aje ampime. Alikuja mpaka getini, nusu kwa udadisi. Siku hiyo gari lilikuwa linashusha makreti, na harufu ya maembe ilikuwa imejaa njia nzima.

"Ni hapa?" akaniuliza. "Wewe unanichezea. Watoto ya hapa tunapima kitambi."

"Ingia tu umwone mkono."

"Niingie niseme nini? Nimuulize mama mwenye gari, mtoto yako umemlisha nini?" Akashusha sauti. "Dada yangu, mtu haulizi nyumba ya wenzake imekula nini. Utanitia aibu."

Mlinzi naye akadakia. "Hapa wanakula kama sungura. Lakini sungura anakuwa mnene."

Walicheka wawili. Mshauri wa afya akachagua embe moja kwenye kreti, mlinzi akamruhusu, akaondoka nalo. Hakuingia. Na yeye ninamtaja, pamoja na embe lake.

Ilipita wiki moja na siku mbili. Asubuhi ya baridi nilikwenda kumwamsha, hakuamka vizuri. Kichwa kilianguka nyuma kama cha mtoto wa siku moja. Nikamwita mabuja. Akaja, akamwona, akakimbilia simu. Hakumpigia daktari. Nilimsikia akisema, "Mwalimu, samahani nakuamsha," akasikiliza, kisha akaniambia, "Anasema ni kilele cha kujisafisha. Mpe juisi tusubiri mpaka mchana."

Sikumpa. Nilimfunga mgongoni, nikamwambia mlinzi fungua, na kwa jinsi nilivyomwambia alifungua. Nilitembea, halafu nikakimbia. Mabuja akanifuata na gari, amevaa ndala, akanipakia njiani. Tulivyofika hospitali, mnajua. Swali likaulizwa, kidole kikanyooshwa, na kwa kuwa kijiko kilikuwa mkononi mwangu kweli, sikujitetea.

Walimwekea dripu, akafungua macho kweli siku ya pili. Sikuwepo. Nilikuwa nimeshaambiwa nikachukue nguo zangu, mfuko mmoja, getini. Mkuu wa mtaa alinishauri nishukuru sikupelekwa polisi.

Miezi saba imepita. Naishi Rwezamenyo, napiga pasi kwenye duka la nguo. Mwezi uliopita yule mfanyakazi wa jirani alipita dukani. Nilimuuliza kabla hajakaa.

"Anatembea?"

"Anasimama."

"Anaongea?"

Akaangalia pasi. "Haongei. Na gesi haijarudi, mama. Asubuhi bado nasikia mashine inasaga."

Siku iliyofuata nilikwenda hospitali. Nilimwambia wa mapokezi kwamba nina maneno ya kumweleza daktari juu ya mtoto fulani. Akaniuliza mimi ni nani yake. Nikasema nilikuwa yaya wake. Akafungua kompyuta, akasoma, sura yake ikabadilika, akasema habari za faili wanaambiwa wazazi tu. Nilirudi kwa mkuu wa mtaa, akaniambia niache uchungu wa kufukuzwa. Nilirudi kwa mshauri wa afya, akaniuzia nyanya.

Kwa hiyo naandikisha, mimi nasema na binti wa dukani ananiandikia. Daktari anamtibu mtoto aliyenyimwa chakula na yaya mwizi, na mtoto huyo hayupo. Yupo huyu wa kweli, anakaa kwenye kiti chake cha mbao, anapewa majani, na mpaka leo hakuna aliyemwambia daktari.

Mwalimu, wewe uliyesema tusubiri mpaka mchana, shuka kutoka ghorofani kwako uende ukaangalie alichosafishwa. Baba, zima simu uje umbebe, utajua uzito wake. Na wewe, mabuja, mimi langu nimelisema, nimeliandikisha, anayetaka kunishtaki najulikana ninapokaa. Swali lile lilikuwa lako. Nenda kesho asubuhi, kabla hujawasha mashine, usimame mbele ya daktari yule yule, umjibu nani anamlisha huyu mtoto.