Mafuta ya Mashine na Wino Mweusi

Niliandikwa kazi mwaka ule tuliokula ugali wa unga wa njano. Unga ulitoka ng'ambo, ulinuka gunia, na watoto waliula kama wanaadhibiwa. Nilifunga kipande cha ugali uliolala kwa kitambaa, nikatoka Kabiria kwenda mjini kufagia chumba cha mashine katika kampuni moja ya bima. Kompyuta, walivyoiita. Ilijaa chumba kizima na ilinguruma kama posho mill ya kusagia mahindi.

Shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole. Lakini Mungu alinipa macho mawili na pua moja kubwa, na hivyo ndivyo vilivyonilisha.

Siku hiyo ya kwanza Bwana Supavaiza, mtu wa tai nyembamba, alinionyesha kadi. Zilikuwa karatasi ngumu zenye vitundu, na mashine ilisoma vile vitundu kama kipofu anavyosoma kwa vidole. Juu kuliandikwa jina la mtu. Akaniambia kadi iliyomaliza kazi niichane ndipo niitie kwenye gunia. Nikamuuliza ya nini kuchana kitu kinachoenda kuchomwa.

"Kati ya hapa na moto kuna watu," akasema.

Jioni nikinunua njugu karibu na stendi ya basi, nilipewa zikiwa zimefungwa kwa kadi ya ofisi nyingine, jina la mwenyewe likinitazama. Tangu siku hiyo sijamwamini mtu anayetoka ofisini na mzigo.

Baadaye nilipandishwa, nikawekwa kwenye stoo ya tepu. Tepu ilikuwa utepe wa kahawia uliozungushwa kwenye gurudumu, na mashine iliweka humo mambo yake ya kukumbuka. Ukichakaa, niliukata kwa makasi ya fundi nguo. Wanawake wenzangu waliuomba wafumie vikapu. Niliwapa vipande vifupi visivyofuma chochote, wakaniita mchoyo. Waniite. Mikono yangu ndiyo iliyojua kilichotoka na kilichobaki.

Halafu mashine ikazeeka, ikaletwa mpya. Ile kuukuu ilifunguliwa na fundi wa umeme, Mhindi wa Parklands asiyependa maneno mengi. Nyuma yake kulikuwa na sanduku la chuma la kutuliza umeme usipande na kushuka, na ndani ya sanduku mlikuwa na mafuta. Aliyakinga kwenye madebe, akayabandika karatasi ya onyo. Yalikuwa meupe, safi kuliko mafuta yoyote niliyowahi kukaangia.

"Mama, hii si ya kula," fundi akaniambia. "Hata mkono usitie. Funga mlango, lori itakuja kuchukua."

Nikafunga. Lori halikuja. Aliyekuja ni Mkuu wa Stoo.

Huyu bwana kwa miaka yote alikuwa akiniita "wewe". Siku hiyo aliniita mama yangu. Akaniulizia watoto, akaniulizia magoti. Nikajua kuna kitu. Akasema nimwachie madebe karibu na mlango wa nyuma, yeye mwenyewe atasimamia yatupwe. Kesho yake nilipofungua nikakuta madebe yamefutwa vumbi, yaking'aa, na karatasi ya onyo imebanduliwa. Nikasimama pale. Nani anaosha taka kabla ya kuitupa?

Jumapili iliyotangulia, baada ya kanisa, jirani yangu Trufosa alikuwa ameniambia kwa furaha kwamba bwana mmoja wa mjini atamletea mafuta ya rahisi, meupe kabisa. Trufosa alikaanga mandazi pale Kabiria, na watoto wa mtaa mzima walienda shule na mandazi yake mkononi. Wangu pia.

Niliingia chumba cha mashine, nikachukua chupa za wino uliotumika kuchapia. Mweusi, hautoki hata kwa Omo. Nilikuwa nimefungua debe la kwanza Mkuu wa Stoo aliponikuta. Hakuniita mama tena.

"Ukimwaga huo wino, hapa stoo umemaliza."

"Mimi sitoi kitu hapa kabla sijakiharibu."

Nikamwaga. Debe la kwanza, la pili, mpaka la mwisho. Mafuta yakawa kama matope ya mtaro, hakuna mtu angeyatia kwenye karai lake.

Bwana Supavaiza aliitwa, akasikiliza, akaangalia viatu vyake. Alijua nimefanya kazi aliyonifundisha mwenyewe, lakini Mkuu wa Stoo alikuwa shemeji wa bosi. Nikapelekwa tawi la Westlands kufagia uwanja wa magari, na huko ndiko nilikostaafia. Trufosa naye alininunia muda mrefu kwa ajili ya mafuta yake. Watoto waliendelea kula mandazi ya mafuta ya ghali, wakakua, leo wana ndevu. Mimi hiyo ndiyo medali yangu.

Sasa mjukuu wangu ana ofisi hapo hapo Westlands, ya kompyuta za kuweka mezani. Juzi nilimtembelea nikakuta za zamani, majina ya wateja bado yamo ndani, zimerundikwa nyuma, na kijana wa pikapu anangoja kuzibeba.

"Nyanya, huyu anasema atazitupa vizuri," mjukuu akaniambia.

Nikamuuliza yule kijana anatupa wapi. Akacheka, akaniita shosho kama vijana wanavyowaita bibi zao, akasema nisijisumbue, ni huko tu. Na mkononi alikuwa na kitambaa, anazifuta vumbi moja moja, polepole, kama mtu anayepangusa vikombe vya wageni.

Nikavuta moja ya zile kompyuta, nikaikalia. Nikamwambia mjukuu aniletee bisibisi na nyundo.

"Nyanya, mtu anangoja."

"Mimi sitoi kitu hapa kabla sijakiharibu."