Hatua Kumi na Tisa Kutoka Kisimani

"Leo umekuja wewe au imekuja kazi?" Mama aliniuliza baada ya kuitikia shikamoo yangu. Nilikuwa nimevaa buti na fulana ya ofisi, boksi la barafu limefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, na njia ya kutoka Kilindoni mpaka Kirongwe ilikuwa imenijaza vumbi hadi kwenye kope. Nikamwambia imekuja kazi. "Haya, kazi na ikae kivulini kwanza, inywe maji."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanawake wa mtaani kwetu, Mama akiwa mmoja wao, walikuwa wamepata soko la mchicha na bamia kwenye hoteli za watalii za Ghuba ya Chole. Wenye hoteli wakasema sawa, ila shamba na maji vipimwe. Shamba ni letu, la minazi, na mboga zinalimwa chini yake. Maji ni ya kisima alichochimba babu, baba yake Mama, akakiweka wakfu: ateke yeyote, anywe yeyote, thawabu zimfikie kaburini. Mama hakuwa na mali nyingine ya baba yake zaidi ya hiyo, na alikifagia pembezoni kila alfajiri. Ofisini tuko wapimaji wawili, na mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi. Ndiyo maana nikatumwa kupima kwetu.

Mie nina kichwa kigumu na mdomo mwepesi, na siku hiyo nilikuja navyo vyote viwili. Kabla sijachimba hata shimo la kwanza nilikuwa nimeshamjua mkosaji: jirani yetu mwenye mikorosho, anayepuliza unga wa salfa kila msimu mpaka nguo zetu kwenye kamba zinanuka kiberiti. Nikamfuata uani kwake. "Mjomba, dawa yako ikionekana kwenye maji ya babu, hatutaelewana." Akanitazama, akasema, "Pima kwanza, mwanangu. Kisha uje tugombane." Nikaona ananidharau, nikaondoka nimenuna.

Nikachukua udongo kwenye kona nne za shamba na katikati, wa juu juu na wa kina cha mkono mzima, nikaandika alama kwenye kila mfuko. Nikateka maji kwa chupa safi. Mama alinifuata nyuma, ameshika kalamu yangu, akiuliza kila chupa ni ya nini. Udongo ukavushwa kwenda kupimwa Dar es Salaam. Maji niliyapima mwenyewe Kilindoni: unayachuja, ile karatasi ya kuchujia unaiweka kwenye kisanduku cha joto usiku kucha kama unaatamisha yai, kisha unahesabu madoa yaliyoota.

Udongo ulirudi hauna neno. Salfa ya jirani haikuwa imedhuru kitu. Lakini ile karatasi ya maji, wallahi, madoa yake sikuyamaliza kuyahesabu. Vimelea vya kinyesi. Nikasema peke yangu pale ofisini, "Loo! Kinyesi cha nani tena?" Na kabla sijafunga mdomo nikajua.

Mshahara wangu wa kwanza, enzi hizo nikiwa karani, nilimjengea Mama choo. Matofali, bati jipya, vigae vyeupe sakafuni. Mtaa mzima ulikuja kukitazama kama wanamtazama bibi harusi. Mama alitaka kijengwe kule nyuma, mwisho wa minazi. Nikakataa katakata. Sisi chooni tunaingia na maji. Mwanamke wa umri wake abebe ndoo mpaka mwisho wa shamba kwa lipi, na kisima kipo hapa? Nikawaonyesha mafundi pa kuchimba, upande wa juu wa kisima, nikajiona mtoto mwema kuliko wote kisiwani. Mambo ya maji nilikuja kuyasomea baadaye. Nimezunguka vijiji vya watu nikiwafundisha choo kikae mbali na kisima, na kwetu nilikuwa napita palepale naona vigae tu.

Nikarudi Kirongwe na fomu ya kuandika uchafu umetoka wapi. Nikapima kwa miguu kutoka kisimani mpaka chooni: hatua kumi na tisa. Nikamweleza Mama kila kitu. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi.

"Hapo pa chanzo andika mbuzi," akasema.

"Mama!"

"Wa jirani wanashinda hapa. Andika mbuzi, mwanangu. Mbuzi hana aibu."

Nikafoka. Astaghfirullah, nilimfokea mama yangu mzazi, nikamuuliza kwani amelijua jambo hili tangu lini. Akasema tangu masika yaliyopita, maji yalipoanza kunuka kidogo. Tangu hapo yeye hakuingia tena kwenye choo changu. Alirudia cha zamani, cha makuti, kule nyuma, akidhani akipungua mtu mmoja patatosha. Maji ya kunywa, yake na ya wenzake wanaokuja kumwagilia, alikuwa akiyachemsha, akisingizia tumbo lake.

"Na wao kwenye choo?"

"Ningewazuiaje? Ningesema choo cha mwanangu kina nini?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikaandika kwenye fomu: choo cha familia, upande wa juu, hatua kumi na tisa. Kisha nikaenda kwa jirani kumwomba radhi. Alicheka, akanijazia korosho mkononi, akaniambia ugomvi wangu umempita kushoto.

Wanawake wenyewe niliwaambia palepale kisimani, nimesimama, sikuficha. Soko la hoteli lingesubiri, choo kingevutwa uchafu na kufukiwa, na kisima kingefungwa, pengine misimu miwili, pengine zaidi. Halafu mmoja wao, yule asiyeacha neno likapita, akasema, "Hee! Kwa hiyo muda wote huu tulikuwa tunakunywa mshahara wako wa kwanza?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama hakucheka.

Wiki iliyofuata nilikwenda na mbao na misumari. Nilipotaka kuweka ubao wa kwanza, Mama akanishika mkono, akaniambia ngoja. Akapiga magoti, akainamia mdomo wa kisima, akasema kwa sauti ya kawaida tu, ile anayoagizia chumvi dukani:

"Baba, maji yako tunayafunga kidogo. Choo pale nilipachagua mimi. Mtoto alitaka kijengwe kule mwisho wa minazi, nikambishia. Usimdai."

Nililia, sikuweza kujizuia. Yeye akainuka, akakung'uta kanga magotini, akaniokotea nyundo.

"Pigilia," akasema.