Swali la Daktari

Wiki iliyopita, hospitalini hapa Kibaha, daktari atakayenitoa uvimbe tumboni aliniuliza kama kwenye ukoo wetu kuna watu wanaotokwa damu sana. Swali la kawaida kabisa, lakini nililia, ndugu yangu, mpaka akaniletea maji.

Nilikumbuka nyumba ya bibi kule Kisarawe, mwaka niliovunja ungo. Niliwekwa ndani, mwali, mchana kutwa peke yangu. Nilisikia kisamvu kikitwangwa uani na wenzangu wakienda kisimani wakicheka, na harufu ya tui la nazi ikinifikia mlangoni. Upweke ule sijausahau. Damu yangu haikukata kwa siku kumi na mbili. Bibi alinifulia vitambaa, akaniambia nisiogope, yeye na mama walikuwa hivyo hivyo, hata waking'olewa jino hutokwa damu siku tatu. Wanawake wa nyumba yetu tuna damu nyingi, alisema, kama anayejisifu. Kisha akanifunda kwamba mambo hayo hayasemwi mbele ya mwanamume.

Sikumaliza hata mwezi. Mama aliumwa tumbo ghafla, ikabidi apasuliwe kidole tumbo, nami nikatolewa ndani, nimefunikwa kanga gubigubi, nimebeba chupa ya uji. Daktari alikuwa kijana mpole. Mama hakuweza kusema kwa maumivu, kwa hiyo daktari akamgeukia bibi.

"Shikamoo, bibi. Kwenu kuna mtu ambaye akijikata au aking'olewa jino, damu haikati?"

"Marahaba. Hakuna, baba. Sisi wazima."

Bibi alinitazama. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikainamisha kichwa kama nilivyofundwa.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, ila damu haikukata. Kesho yake walihangaika kutafuta ya kumwongezea, na alasiri mama akafa. Bibi hakulitaja swali lile mpaka anaingia kaburini, wala mimi sikumuuliza. Tuliishi miaka saba tukitwanga kisamvu kwenye kinu kimoja, kila mtu na lake.

Safari hii nilisema yote, hata vitambaa. Kumbe ugonjwa huo una jina, watu huurithi, na ipo dawa ya kuchomwa kabla ya kisu. Daktari aliahirisha upasuaji anipime kwanza, akaniomba nije na ndugu yeyote wa upande wa mama, naye apimwe.

Nikamwambia nimebaki peke yangu, na ndiyo maana nimeweza kusema.