Ezira na Mama Mkwe Wake

Kwa miaka minne Ezira hakumtazama mama mkwe wake usoni, ingawa waliishi katika nyumba moja ya udongo yenye mlango mmoja. Kwao Minembwe, milimani Kivu ya Kusini, adabu hiyo haikumsumbua mtu. Malisho yalikuwa mapana, na mwanamume akimwona mama wa mke wake anakuja, alikata njia nyingine, basi. Lakini vita viliwafukuza. Mwaka 2007 walikuwa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, zoni ya Rubondo, pamoja na Nyirabizimana, mjane asiye na mtoto mwingine ila Umuhire, mke wa Ezira. Mvua ikinyesha, Ezira alisimama chini ya ukingo wa paa mpaka aambiwe mama amejilaza nyuma ya pazia. Neno la mmoja kwa mwenzake lilipitia kwa Umuhire, na anayeambiwa yupo hatua tatu tu, akisikia yote.

Kisha macho ya mama yakaanza kufunga utando. Daktari aliyepita Rubondo alisema ni mtoto wa jicho, anatolewa hospitalini mjini Mbarara kwa siku moja. Umuhire alikuwa na mapacha wanaonyonya. Aliyeujua mji ni Ezira, aliyewahi kuchuuza maziwa mtaani Nyamityobora na kujifunza Kiingereza huko huko. Lakini atamshikaje mkono mama mkwe?

"Afazali nibakie kipofu," mama alimwambia binti yake.

Ndipo Jumapili moja mwaka 2011 wakaja wageni wa kanisa kutoka Amerika. Mmoja wao alikuwa mama mzee aitwaye Verna, nywele zake nyeupe zimesukwa mikia miwili. Alikuwa wa Wacheyenne, watu waliokuwa katika nchi ile kabla Wazungu hawajafika. Kanisani walikuwamo Wafulero na Wabembe pia, makabila mengine ya Kivu, kwa hiyo ibada ilikuwa ya Kiswahili, na Ezira ndiye aliyetafsiri.

Verna alisimulia jinsi mababu zake walivyofuata makundi ya nyati kwenye nyika mpaka jeshi likawashinda. Mwaka 1877 walihamishwa kusini, kwenye joto na homa. Mwaka uliofuata, watu kama mia tatu waliondoka kurudi kwao kwa miguu, na askari nyuma yao. Wengi walikufa.

"Na bengine, bao balifika?" akauliza mtu kutoka nyuma.

"Walifika," Ezira akatafsiri. "Wakapata ardhi yao huko Montana. Ndiko huyu mama alikozaliwa." Kanisa zima likashusha pumzi.

Eugénie wa kwaya akainuka. "Na kule kwenu, mutu na mama wa muke wake banaishi namna gani?"

Watu wakacheka chini chini, maana wote walijua mambo ya Ezira. Verna alijibu kwamba zamani kwao mwanamume hakusema na mama mkwe wake, wala hakumtazama. Ilikuwa heshima, si chuki. Lakini mwiko huo uliweza kuondolewa. Mama alimpambia mkwe wake joho la ngozi ya nyati kwa miiba ya nungunungu iliyotiwa rangi, mkwe naye akampa farasi mbele ya watu. Toka hapo waliongea.

Nyirabizimana alikuwa ameketi benchi la mbele kabisa.

"Tafsiri, ndugu," akasema mchungaji Mutware.

Akatafsiri, macho kwenye viatu vyake, mpaka kwa farasi.

Nyumbani hakuna aliyeligusa jambo hilo. Lakini kesho yake mama aliagiza ukindu. Kwa majuma matatu alisuka kwa kupapasa kifuniko cha kibuyu cha maziwa, kirefu chenye ncha, kama vile vya Minembwe. Mistari myeusi ilipinda kidogo. Ezira aliiona, akaelewa. Farasi hakuwa naye, ila alikuwa na ng'ombe wawili na ndama jike mwekundu.

Jumapili, baada ya ibada, mama alinyoosha kifuniko mbele yake. Ezira akakipokea kwa mikono miwili, kisha akamwekea kiganjani kamba ya ndama.

"Mama," alisema. "Twende Mbarara siku gani?"

"Hata kesho, mwanangu. Nimechoka na hii giza."

Walikwenda Jumanne, mkono kwa mkono, na njia nzima Ezira akamweleza kila walichokipita. Siku ya pili muuguzi alipomfungua bandeji ya jicho lililopasuliwa, mama alimkazia Ezira macho kwa muda mrefu.

"Kumbe uko na mvi mingi hivi," alisema. "Miye nilizani Umuhire aliolewa na kijana."

Ezira alicheka hadi wagonjwa wengine wakageuka.

Walifikia Nyamityobora kwa Kabanyana, mteja wake wa maziwa wa zamani, kusubiri daktari alikague jicho tena baada ya siku mbili. Siku mbili hizo Nyirabizimana hakunyamaza: alieleza ng'ombe wa marehemu mumewe kwa majina, na jinsi Umuhire alivyokuwa mtundu utotoni. Ezira alikaa kando yake akisikiliza, mwili mwepesi kama aliyetua mzigo.