Kinanda Hakina Mapafu

Siku yangu ya kwanza bendini, Mkuu wa Bendi wa usharika wetu mjini Iringa alinitazama juu hadi chini. Nilitaka tarumbeta. Akanitwika tuba, chombo kikubwa kuliko vyote vya kupuliza.

"Tarumbeta ni ya wapenda kuonekana," alisema. "Wewe kifua unacho. Kaa na besi."

Miezi mitatu nilipuliza nota mbili tu, do na so. Alinifundisha kukipasha chombo kwa pumzi kabla ya kupiga, maana shaba ikiwa baridi sauti hushuka, na baridi ya Iringa haina adabu.

Baadaye nilihamia Mbeya kufundisha muziki chuo cha ualimu. Mkuu wa Chuo alikuwa na agizo moja: "Mwalimu, kelele zako ziishe saa tisa." Nikaanza kutunga kwa kinanda, taratibu.

Mkuu wa Bendi alipofariki, nilimtungia wimbo wa kumsindikiza. Kwetu bendi hutangulia jeneza, na wabebaji hufuata mwendo wa besi. Tulifanya mazoezi tumekaa kanisani, tukapendeza. Siku ya maziko, katikati ya kilima cha makaburini, wapiga tuba wakaishiwa pumzi. Kinanda hakina mapafu, nami sikuwaachia hata pigo moja la kupumua. Besi ikakatika, wabebaji wakapotezana hatua, jeneza likayumba mbele ya watoto wake. Tukamalizia njia kimya.

Mchungaji Kiongozi akaamuru wimbo ule usipigwe tena. Nilikwenda kwa mjane kuomba radhi.

"Kamwene, mwanangu," alinipokea kwa salamu ya Kihehe. "Wimbo ni mzuri. Mwenzangu angekugombeza, halafu angekwambia utengeneze. Utengeneze basi. Na mimi nataka kusindikizwa nao."

Niliahidi. Kisha kiburi kikaniweza; karatasi nikaifungia kabatini miaka na miaka.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa sekondari moja Uyole. Mwanafunzi wangu Atupele, mpiga tuba, aliikuta karatasi ile akipanga kabati.

"Mwalimu, aliyetunga hii hajawahi kupanda mlima."

"Ni mimi."

"Samahani, Mwalimu." Aliona haya, lakini penseli hakuiweka chini. Aligawa besi kwa tuba mbili, zipumue kwa zamu. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu tukaupiga tukizunguka uwanja, kisha tukipanda mteremko wa nyuma ya bweni. Binti alikuwa sahihi.

Nimestaafu sasa, na meno ya bandia hayapigi tuba. Mwaka jana yule mjane alifariki. Nilimweleza mchungaji wa sasa yote, hata katazo, akaruhusu. Atupele na wenzake wakaja Iringa. Nilitembea nyuma yao mikono mitupu hadi tukamaliza kilima na jeneza halijatikisika. Kaburini nililia kama mtoto.

Vijana mnaotunga kwenye simu, sina ugomvi nanyi. Ila upigeni wimbo mkitembea kwanza. Ule wangu nimeunakili upya kwa wino, ukiwa na majina mawili ya watunzi. La Atupele nimelitanguliza.